Barua za Wasomaji: Kumlea Mtoto Aliye Kwenye Matibabu ya Saratani

Barua za safari hii haziulizi dawa ipi ni bora. Zinauliza mtoto analalaje, anakulaje, anacheza na nani, anaogopa nini. Madaktari wakitaja ubora wa maisha ya mtoto mgonjwa, hayo ndiyo wanayoyapima, na sehemu kubwa yake iko mikononi mwa anayemlea.

Tangu augue, sijathubutu kumkatalia kitu

*Binti yangu ana miaka sita. Miezi mitano iliyopita aligundulika na saratani ya damu. Tangu siku hiyo sijamwambia hapana. Sasa anampiga mdogo wake, anatupa sahani, na saa nane za usiku anadai chakula. Nikitaka kumkemea, machozi yanatangulia. Je, ni ugonjwa, ni dawa, au nimemharibu mwenyewe? — Mama wa watoto wawili*

Mama, tuanze na dawa. Watoto wengi wenye saratani ya damu hupewa deksamethasoni au prednisoloni kwa vipindi. Dawa hizi huamsha njaa isiyoshiba, hukata usingizi na huvuruga hisia: mtoto mpole anakuwa mkali, mchangamfu analia bila sababu. Chukua kalenda, zungushia duara siku za dawa hiyo, na kila jioni andika neno moja kuhusu tabia yake. Baada ya vipindi viwili vitatu utaona mwenyewe kipi kinaletwa na dawa. Kwa watoto wengi hali hutulia siku chache baada ya kipindi kwisha.

Usiipunguze wala kuikatisha kwa sababu ya tabia. Mwili uliozoea dawa hii huacha kutengeneza homoni yake yenyewe, na kusimamisha ghafla kunaweza kumwangusha mtoto vibaya. Unachoweza ni kumuuliza daktari kama dozi ya mwisho ya siku inaweza kutolewa alasiri badala ya usiku, na kuhakikisha anaimeza akiwa ameshakula. Njaa ya usiku ni ya kweli, kwa hiyo usibishane nayo: weka chakula kidogo tayari kabla ya kulala, chenye chumvi chache, kwa kuwa dawa hizi huzuia maji mwilini na kupandisha presha. Akianza kukojoa mno na kuwa na kiu isiyokatika, waambie hospitali siku hiyohiyo. Huenda sukari imepanda.

Sasa upande wako. Mtoto ambaye sheria zote za nyumbani zimefutwa ghafla hujisemea: kumbe hali yangu ni mbaya kuliko wanavyoniambia. Mipaka humtuliza. Wala si lazima iwe mingi. Chagua mitatu tu, kwa mfano: hakuna kumpiga mtu, dawa haijadiliwi, na taa huzimwa saa fulani. Mengine yote yalegeze siku za duara.

Akipiga, shika mkono wake taratibu, sema maneno machache, "Una hasira. Kupiga hapana," kisha kaa naye hadi apoe. Hotuba ndefu haisikiki wakati huo. Kumchapa ni hatari kwa namna ya pekee: dawa za saratani hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na pigo dogo linaweza kuvilisha damu. Mpe uamuzi mahali unapowezekana. Kumeza dawa si hiari. Kuimeza kwa kijiko au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ameketi au amesimama, ni hiari yake. Mrudishie na kazi ndogo alizokuwa akifanya, kama kukunja nguo zake. Kazi humwambia kwamba bado anahesabiwa.

Kosa tunaloliona likirudiwa zaidi ni sheria kushikwa na mzazi mmoja huku bibi, shangazi na wageni wakizifuta. Waketi wote waambiwe ile mitatu. Katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye saratani hupona. Unamlea mtu atakayekua, aende shule na kuishi na wenzake. Na machozi yako yanayotangulia kila mara yapeleke kwa mshauri wa wodi au muuguzi unayemwamini. Mzazi aliyechoka kupita kiasi hashiki hata mpaka mmoja.

Dodoso langu na la mwanangu hayafanani

*Mwanangu ana miaka kumi, anatibiwa uvimbe wa figo. Kliniki walitupa dodoso kuhusu maisha yake, kila mtu na lake. Mimi nilijibu kwamba karibu kila kitu ni kibaya. Yeye kajibu yuko sawa, isipokuwa shule. Nani anasema kweli? — Baba*

Baba, nyote, ila kuhusu maisha yake yeye ndiye shahidi wa kwanza.

Dodoso linalotumika sana huitwa PedsQL, lililotungwa na mwanasaikolojia James Varni na wenzake. Sehemu yake ya jumla ina maswali 23: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya kuishi na wenzake na 5 ya shule. Ipo na sehemu ya saratani inayogusa maumivu, kichefuchefu, hofu ya sindano na jinsi mtoto anavyoiona sura yake. Majibu hugeuzwa kuwa alama za 0 hadi 100, na alama za juu ndiyo maisha bora. Mtoto hujijibia kuanzia miaka 5. Wazazi huweza kujibu kuhusu mtoto kuanzia miaka 2.

Tofauti uliyoiona inajulikana. Wazazi wa watoto wagonjwa mara nyingi huweka alama za chini kuliko watoto wenyewe, na kadiri mzazi anavyolemewa na hofu au huzuni ndivyo alama zake zinavyoshuka. Mambo ya kuonekana kwa macho, kama kukimbia au kupanda ngazi, hukubaliana zaidi. Ya moyoni huachana. Mzazi hubeba yaliyopita na yajayo kwa pamoja, ilhali mtoto wa miaka kumi anaipima siku kwa kile alichoweza kufanya siku hiyo.

Hata hivyo "niko sawa" yaweza kuwa ngao. Watoto hujifunza haraka kwamba wakisema wanaumwa, mama analia. Ili kujua, acha kuuliza "unajisikiaje?" Uliza kuhusu jana, mkiwa mnafanya jambo lingine pamoja: jana ulicheza nini? Nini kilikushinda? Kipi kilikuwa kibaya kuliko vyote? Akijibu, usikimbilie kumfariji. Uliza swali moja zaidi.

Lakini tazama: amekwambia jambo moja waziwazi, nalo ni shule. Hilo lishughulikie kabla ya yale uliyoyaona wewe. Je, ni masomo yaliyompita, uchovu, nywele zilizonyonyoka, au kuna anayemcheka? Kila moja lina dawa yake. Uchovu huhitaji nusu siku na ruhusa ya kulaza kichwa darasani bila kuomba mara mbili. Kucheka hupungua darasa likiambiwa ukweli, mtoto akiwa amekubali na amechagua maneno: ugonjwa huu hauambukizi, dawa ndizo zilizotoa nywele, zitaota tena. Kabla hajarudi, daktari athibitishe kwamba damu yake inaruhusu.

Mwalimu naye apewe agizo moja lisilosahaulika: mtoto yeyote darasani akipata surua au tetekuwanga, upigiwe simu siku ileile. Kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani magonjwa hayo yanaweza kuua, na kinga ya dharura ina muda wake. Ya surua hutolewa ndani ya siku 6 tangu akutane na mgonjwa. Ya tetekuwanga ni bora ndani ya siku 4. Yeye mwenyewe hapewi chanjo zenye virusi hai wakati wa matibabu. Ndugu zake wachanjwe kama kawaida. Ila ya polio, waulize hospitali wapewe ya sindano badala ya matone.

Nilimpa parasetamoli, daktari akanigombeza

*Mjukuu wangu hukaa kwangu baada ya dripu ya dawa za saratani. Juzi usiku joto lilifika 38.2. Nikampa parasetamoli, likashuka, akalala. Asubuhi daktari alikasirika. Kosa langu ni lipi? — Bibi*

Bibi, shikamoo. Ulifanya ambacho kingefaa kwa mtoto mwingine yeyote. Kwa huyu, homa ni kengele, na parasetamoli huifunga mdomo huku moto ukiendelea ndani.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dawa nyingi za dripu, chembe nyeupe za aina ya neutrofili, zinazopigana na bakteria, hushuka sana. Zikiwa chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, bakteria wanaweza kuenea mwilini kwa saa chache, tena bila usaha wala uvimbe, kwa kuwa usaha hutengenezwa na chembe hizohizo zilizokosekana. Ndiyo maana hospitali hulenga kumpa antibiotiki ya mshipani ndani ya dakika 60 tangu afike. Kusubiri asubuhi ni kusubiri sana.

Vituo vingi huweka mpaka kwenye nyuzi 38, vingine 38.5. Waulize wenu namba yao na uiandike mlangoni pamoja na simu ya wodi. Pima kwapani, sikioni au mdomoni, kamwe si kwenye haja kubwa: mchubuko mdogo huko ni mlango wa bakteria, na kwa sababu hiyohiyo hapewi dawa ya kuingizwa huko. Joto likifika, piga simu na uondoke. Ondoka pia akitetemeka kwa baridi, akilegea au akibadilika rangi, hata kama kipimajoto kinasema joto ni la kawaida. Begi liwe tayari wiki zote hizo: kadi ya hospitali, orodha ya dawa, nguo, nauli.

Watu watatu humshika wakati wa sindano

*Mtoto wangu ana miaka minne. Siku za kliniki tunamwambia tunaenda kutembea, maana akijua hatoki nyumbani. Huko watu watatu humshika. Sasa hata akiona koti jeupe anatapika. Halafu wamempa mofini ya maji ya nyumbani, nami nasikia itamfanya mraibu. — Mama*

Mama, uongo wa matembezi umefanya kila safari iwe ya kutisha, hata ile ambayo kweli ni ya kutembea. Anzia hapo. Mtoto wa miaka minne aambiwe asubuhi ya siku yenyewe. Akijua siku tatu kabla, atateseka siku tatu. Mkubwa wa miaka kumi huhitaji siku kadhaa ili aulize maswali yake. Usiseme haitauma. Sema, "Itauma kama kufinywa, nitahesabu hadi kumi, itakuwa imekwisha."

Omba krimu ya ganzi. Aina inayotumika sana hupakwa nene, hufunikwa kwa plasta ya nailoni na kukaa dakika 60 kabla ya sindano. Ikifutwa baada ya dakika 20 haifanyi kazi, kisha watu husema haifai. Wakati wa sindano mtoto asilazwe chali, kwani kulazwa na kushikwa ndiko kunakozaa hofu kubwa. Apakatwe kifua kwa kifua na mzazi, miguu imezunguka kiuno chako, mkono mmoja tu umetolewa pembeni kwa muuguzi. Mpe kazi ya pumzi, kama kupuliza mapovu ya sabuni. Azungumze mtu mmoja. Sauti nne zikimtuliza kwa pamoja ni kelele. Omba sindano zifanyiwe chumba cha matibabu ili kitanda chake kibaki mahali salama. Kwa kuchomwa mgongoni au kutolewa uboho, uliza mapema kuhusu dawa ya usingizi au ya kutuliza, hasa mara ya kwanza. Kipimo cha kwanza kikiwa cha mateso, vyote vinavyofuata huanzia kwenye mateso hayo.

Nyumbani mpe mwanasesere na bomba lisilo na sindano, awe daktari yeye. Na mtu yeyote asimtishe kwa sindano ili ale au anyamaze.

Mofini sasa. Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa dawa ya msingi ya maumivu makali ya mtoto mwenye saratani. Mtoto anayeipata kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo cha daktari, ni nadra sana kugeuka mraibu. Mwili unaweza kuizoea, kwa hiyo huachishwa kwa kupunguzwa polepole, basi. Mofini ya maji ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, kwa saa. Ukisubiri alie, maumivu yameshapanda na yatahitaji dozi kubwa zaidi. Pima kwa bomba lililotolewa na hospitali. Vijiko vya nyumbani havilingani. Itafunga choo, hilo ni karibu hakika, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Akiwa na usingizi mzito hata haamshiki, au akipumua polepole mno, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali mara moja. Ibuprofeni na aspirini usimpe bila kuuliza, kwa sababu ya zile chembe sahani.

Wa umri huu hajui kupima maumivu kwa namba, hivyo tazama mambo matano: uso, miguu, mwili unavyotulia au kujinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila moja lipe alama 0, 1 au 2. Jumla ya juu kabisa ni 10. Iandike pamoja na saa. Tahadhari moja: mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii. Hulala kimya, hachezi, hataki kuguswa, na watu humsifu kwa utulivu.

Nimekuta vidonge chini ya godoro

*Binti wa miaka kumi na tatu, saratani ya damu, sasa yuko kwenye vidonge vya nyumbani. Anaonekana mzima kabisa. Nimekuta vidonge kumi na moja vya merkaptopyurini, dawa yake ya saratani, chini ya godoro. Nimfanye nini? — Mama*

Leo waambie kliniki idadi kamili. Wasipojua, watadhani chembe nyeupe za damu yake zinapanda kwa kuwa dozi ni ndogo, na wataiongeza. Usimpe za kufidia.

Kuonekana mzima ndiko kunakodanganya. Kipindi hiki cha vidonge, ambacho hufanya matibabu yote kuchukua miaka miwili hadi mitatu, huua mabaki yasiyoonekana kwenye kipimo. Utafiti uliofuatilia watoto wa namna hii ulikuta kwamba waliomeza chini ya dozi 95 kati ya 100 walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara mbili. Mwambie binti namba hiyo. Ana umri wa kuielewa, na huenda hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini anameza dawa akiwa hajisikii mgonjwa.

Kisha uliza bila hasira: ni kichefuchefu? Wingi wa vidonge? Ni kutaka tu kuwa kama wenzake? Kichefuchefu kina dawa, nayo hutangulia nusu saa. Kuanzia sasa anameza mbele ya mtu mzima, saa ileile kila siku, hadi matibabu yaishe, na mwambie ni kanuni ya watoto wote, maana ndivyo inavyopaswa kuwa. Kubandika karatasi moja ya dozi ukutani kunasaidia, kwa sababu dozi huweza kubadilika kila kipimo cha damu na makaratasi ya zamani huchanganya. Usivisage wala kuvivunja nyumbani bila maelekezo; atakayevishika avae glavu, na mjamzito asiviguse. Akitapika punde baada ya kumeza, piga simu kabla ya kurudia.

Kaka yake amebadilika

*Mwanangu mdogo anatibiwa saratani. Kaka yake ana miaka tisa. Alama zimeshuka, anakojoa kitandani, hasemi. — Baba*

Mara nyingi mtoto wa umri huu anaamini amesababisha ugonjwa wa mdogo wake: aliwahi kumsukuma, aliwahi kumwambia "ufe." Mwambie hata kama hajauliza: hukusababisha, hauambukizi, na wewe tumekupangia nani atakupikia na kukupeleka shule. Jina la mtu huyo litajwe. Kisha mpe dakika 15 kila siku za kwake peke yake, hata kwa simu kutoka wodini, ambazo mgonjwa hatajwi asipotaka yeye. Mpeleke wodini mara moja aone. Anachokiwaza huwa kibaya kuliko kitanda na dripu.

"Mama, nitakufa?"

*Mwanangu ana miaka minane. Uvimbe umerudi mara ya pili, na daktari ametwambia hakuna tena dawa ya kuuondoa. Juzi usiku aliniuliza kama atakufa. Nikamwambia alale. Ndugu wote wanasema asiambiwe. Akiuliza tena?*

Mama, usingoje aulize tena. Huenda asiulize, akabaki nalo peke yake. Mrudie wewe: "Juzi uliniuliza swali nikakwambia ulale. Nilishtuka. Unaweza kuniuliza."

Kabla ya kujibu, uliza: "Umewaza nini mpaka ukauliza?" Mara nyingi chini ya swali hilo kuna jingine: nitaumia? Nitakuwa peke yangu? Wewe utabaki na nani? Lijibu hilo kwanza. Kisha sema ukweli kwa sentensi fupi, kwa mfano: "Dawa za kuondoa uvimbe hazifanyi kazi tena. Madaktari wanaona utakufa kwa ugonjwa huu. Siku haijulikani. Sitakuacha peke yako, na dawa za maumivu tunazo." Imani ya nyumba yenu ina nafasi yake hapo, baada ya maneno ya wazi. Epuka kusema "kulala" au "kusafiri": mtoto ataogopa kufumba macho, au ataogopa kila anayebeba begi. Katika miaka minane wengi wanaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, ingawa wa chini ya miaka mitano huuliza marehemu atakuja lini.

Ndugu wanataka kumlinda, nasi tunawaelewa. Waeleze hili: nchini Sweden wazazi waliofiwa na watoto wao kwa saratani waliulizwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kati ya 147 waliozungumza na mtoto kuhusu kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta.

Kisha omba huduma ya tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso ya mgonjwa, ikiwa bado hamjaunganishwa nayo. Matibabu ya kuondoa uvimbe yamekwisha. Ya maumivu, pumzi, choo na usingizi hayajaisha. Uondoke na mambo matatu kwenye karatasi: dozi ya mofini ya kila saa 4, dozi ya ziada maumivu yakipenya katikati, na namba inayopokelewa usiku. Muulize mtoto anataka kuwa wapi na nani aje. Wengine wanataka wenzao wa darasani, wengine hawataki kuonekana. Masomo asinyang'anywe kama anayataka, hata dakika kumi za hesabu. Akianza kugawa vitu vyake, msimnyamazishe. Chukueni karatasi, aseme kipi ni cha nani, nanyi mwandike kama anavyosema.